Kondo Hurudi Kibanjani

Siku mliponiaga nikistaafu, msoma hotuba alisema nilikuwa mtumishi mtiifu. Nilinyamaza kwa sababu wali ulikuwa unapoa na wageni wengine walikuwa wametoka mbali. Lakini neno lile limenikaa kooni mpaka leo, na kwa kuwa sasa nina muda, nalirudisha kwenu lilikotoka. Sikuwa mtiifu. Nilikuwa mkunga, na mambo hayo mawili hayakai vizuri ndani ya mtu mmoja.

Habari za vyeo mtawauliza wengine. Mimi nataka kuwaeleza habari za ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile inayokaa chini ya sinki la wodi ya wazazi, kwa sababu nimesikia mnataka kuiondoa. Sisi Wahaya tunasemwa kila mahali kwamba tunajivuna. Basi niacheni nijivune kidogo, halafu mwamue.

Nilifika hospitali yetu ile ya Muleba nikiwa binti wa mjini, mzaliwa wa Bilele pale Bukoba, nimevaa viatu vyeupe vipya ambavyo tope la kwanza lilivimaliza. Nilitarajia ghorofa. Nikakuta majengo ya bati juu ya kilima, migomba imeyazunguka pande zote, na chini kabisa ziwa. Maji ya bomba yalikuja yalipojisikia. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na mara nyingi lilikuwa limekaa juu ya mawe likisubiri matairi. Mkuu wa wodi ya wazazi alikuwa Metroni Yustina, mama mnene wa maneno machache. Siku ya kwanza hakunipa mgonjwa. Alinipa deki.

"Waitu, mimi nimesomea ukunga," nikamwambia, kwa heshima zote za Kihaya nilizofundishwa nyumbani.

"Na sakafu imesomea kuteleza," akajibu. "Anza pale mlangoni."

Metroni alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mimi Mlutheri. Alipenda kunitania kwamba Walutheri tunaimba vizuri kwa kuwa hatuna watakatifu wa kutusaidia. Mengi niliyoyatumia maisha yangu yote yalitoka kwake. Kupasha mikono moto kwenye birika kabla ya kugusa tumbo la mama. Kusikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe cha mbao huku umefumba macho, maana macho hukimbilia kwenye uso wa mama na kukuvuruga. Kutomwambia mama asukume kabla ya wakati. "Mtoto si gari lililokwama," alisema, "hatoki kwa kelele zenu." Kipembe chake nilikirithi. Mashine za kisasa zimekuja, nazo ni nzuri, ila kipembe hakijawahi kusema betri imekwisha.

Na alinifundisha ndoo. Nilikuwa sijamaliza hata juma wakati mama mmoja alipojifungua salama asubuhi, nami nikabeba beseni lenye kondo la nyuma kwenda kulitupa katika shimo la hospitali, kama tulivyofundishwa chuoni. Dirishani alikuwa amesimama bibi mmoja, mtandio kichwani, mikono imeshika nondo.

"Nipeni kilicho chetu," akasema.

Nikadhani anataka mtoto. Nikamwambia mtoto anavishwa nguo, asubiri. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia jikoni. Metroni akaja, akanipokonya beseni, akalihamishia kondo kwenye ndoo, akafunika na kumpa bibi kupitia mlango wa nyuma.

"Urefu wa goti, mama," akamwambia. "Na ndoo uirudishe."

Mimi nilizaliwa mjini, lakini mama yangu hakuwa mtu wa mjini, kwa hiyo nilipaswa kujua. Kwetu mtoto akizaliwa, bibi yake mzaa baba hulichukua kondo akalizika kibanjani, chini ya mgomba ulio karibu na nyumba. Wengine huchagua mgomba wa ndizi za kupika, wengine wa ndizi za rubisi, pombe yetu, na ugomvi wa hilo sitauingilia. Kibanja ndilo shamba letu la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Tunakula humo, tunalala humo, tukifa tunazikwa humo. Mtoto ambaye kondo lake limo kibanjani ana kwao. Ambaye lake halimo, hata akijenga ghorofa, kuna siku ndugu watagombana naye juu ya mpaka na mmoja atamwambia, wewe mizizi yako iko wapi? Nimesikia neno hilo likisemwa, na nimeona mwanamume mzima akilia kwa ajili yake.

Sikuwahi kumuuliza Metroni kama anaamini. Alikuwa na rozari mfuko mmoja na glovu mfuko mwingine.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Nyie mlizaliwa ukiwa na dawa, kwa hiyo sitawaeleza vibanja vilivyobaki na watoto peke yao. Ikatoka amri kwamba damu yote, na kila kilichoguswa na damu, kiishie shimoni. Amri ile ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimezika ndugu na wenzangu wa kutosha kuielewa, na hata Metroni, aliyekuwa karibu kustaafu, alikubali bila kunung'unika. Ndoo ikageuzwa ya kufulia.

Wanawake hawakugombana nasi. Waliacha tu kuja. Kliniki walihudhuria, wakapimwa, wakachekeana nasi, wakaitikia ndiyo sista, ndiyo sista. Siku ya uchungu ikifika wanabaki nyumbani na mama mkwe. Waliofika kwetu ni wale waliokwisha kuharibikiwa, wamebebwa kwa machela, na baadhi yao tulifunika nyuso zao pale pale mapokezi. Vikao vikafanyika. Ikasemwa kwamba wanawake wa vijijini hawana elimu ya afya. Nilikaa kwenye vikao hivyo nikinywa soda ya moto, huku nikiliona lile dirisha na ile mikono kwenye nondo.

Sasa nifike kwa Bibi Paulina.

Mkwewe, Adelina, alikuwa amejifungua kwetu mtoto wa kwanza, kondo likaenda shimoni. Mtoto akafa kwa homa kabla hajatembea. Malaria ndiyo iliyomuua, nilikuwepo. Lakini Bibi Paulina aliunganisha mambo kwa njia yake, na nani angemzuia? Mimba ya pili ilipokuja alimwambia mwanawe, Deus, kwamba mtoto huyu hatazaliwa kwa watu wanaotupa.

Asubuhi moja tulikuwa kijijini kwao kwa kliniki ya mkoba, tunachanja watoto chini ya veranda ya kanisa. Jirani yao akaninong'oneza kwamba Adelina yuko kwenye uchungu tangu jana na nyumba imekuwa kimya. Nikachukua kipembe changu, nikawaachia wenzangu sindano.

Nilimkuta Adelina amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Nikapasha mikono kwenye moto wa jikoni, nikamgusa. Mtoto alikuwa amelala kwa upana, kichwa ubavu mmoja, matako ubavu wa pili. Mtoto wa hivyo hatoki kwa njia ya kawaida, hata mama asukume mpaka Krismasi. Nikafumba macho nikasikiliza. Moyo ulikuwepo, lakini ulikuwa unachoka.

"Lazima apasuliwe, na leo hii," nikasema. "Gari liko hapo kanisani."

Deus akamtazama mama yake. Bibi Paulina alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, ameziba mwanga.

"Mumpasue, halafu mmtupe mjukuu wangu shimoni kama mlivyomtupa yule."

"Mama, mtoto hatupwi."

"Kondo ni nini, kama si yeye?"

Ningeweza kumpa somo. Nilikuwa nalo, lenye picha. Lakini moyo wa yule mtoto ulikuwa bado masikioni mwangu, na nilijua kwamba mbele yangu kuna mlango mmoja tu na yeye ndiye ameuziba.

"Nitakuletea mimi mwenyewe," nikamwambia. "Kwa mikono hii. Nisipokuletea, usiniite tena mtoto wa Kihaya."

"Mwana wange," akasema polepole, "wewe ni wa serikali. Serikali ikikuambia tupa, utatupa."

"Sitatupa."

Aliitazama mikono yangu. Kisha akasogea. Wanaume wakafunga machela kwa miti na blanketi, wakambeba Adelina katikati ya migomba mpaka kwenye gari, mimi kando yake nimeshika mkono wake na kumdanganya kwamba tumekaribia.

Mganga Mfawidhi wetu wakati huo alikuwa daktari kijana aliyetoka mikoa ya kusini, mpasuaji hodari, mtu wa haki. Msimfanye kuwa mbaya katika hadithi hii, kwa sababu hakuwa mbaya. Alinawa, akaingia chumba cha upasuaji, akamtoa mtoto wa kike ambaye alikuwa wa bluu na kimya mpaka nilipomsugua mgongo, naye akatoa kilio cha hasira kilichotufanya sote tucheke ndani ya barakoa. Adelina akashonwa. Akiwa hai. Wote wawili hai.

Nikalichukua kondo. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalimwagia klorini, nikalitia kwenye mfuko wa pili, nikaliweka katika ndoo, juu yake jani la mgomba nililolibabua kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa. Nikafunika. Daktari akanikuta mlangoni.

"Hiyo ndoo inakwenda wapi, sista?"

"Kwao."

"Unajua amri."

"Naijua. Na yule bibi nimemwahidi."

"Nikimruhusu huyu, kesho watataka wote."

"Ndiyo, daktari. Na kesho watakuja wote."

Akavua kofia yake ya upasuaji, akajifuta jasho. Alikuwa amechoka. "Damu ni damu," akasema. "Tumezika watu wa kutosha. Mtoto akichezea ndoo hiyo njiani, utasema nini? Na wewe, msomi, unaamini kweli kwamba nyama hiyo inajua mgomba wake?"

Swali la kwanza nililijibu. Nilimwonyesha mfuniko, mifuko miwili, klorini, glovu za bibi. La pili nililikwepa. "Naamini mwanamke akija mapema hafi," nilisema. "Hayo mengine nimwachie mchungaji wangu."

"Ukivuka geti na ndoo hiyo, utajibu."

"Nitajibu."

Nikavuka. Mlinzi wa geti aliitazama ndoo, akatazama mawingu, akasema leo mvua itanyesha. Nilipanda baiskeli ya kukodi mpaka mwisho wa barabara, kisha nikapanda mlima kwa miguu, ndoo mkononi, sare imelowa. Mvua kweli ilinyesha. Niliogopa njia nzima, na niliongea na ndoo ile kama mwendawazimu, nikiiambia itulie.

Bibi Paulina alikuwa amekaa kizingitini. Hakuuliza kitu. Nikamwambia kwanza habari za mjukuu, kwamba ni wa kike, ana sauti. Kisha nikamvalisha glovu, ambazo alizitazama kwa dharau. Akainamia ndoo, akanusa.

"Mmeliwekea dawa ya choo? Mgomba wangu utakunywa hii?"

"Utakunywa, mama. Mgomba ukifa, nitakuletea mche mwingine."

Akacheka. Tukachimba pamoja, yeye akichagua mahali, mimi nikipima kwa goti langu. Alisema maneno kwa Kihaya ambayo sitayaandika, kwa sababu hayakuwa yangu. Baadaye alinikaribisha ndani, akaniletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Nilitafuna nikalia. Sijui nililia kwa furaha au kwa hofu ya kesho yake, vyote vilikuwemo.

Kesho yake nilijibu. Nikaondolewa wodi ya wazazi, nikapelekwa chumba cha kufungia vidonda. Wenzangu waliniambia sikio la kufa halisikii dawa. Nilifunga vidonda vya majembe, vya mapanga, vya pikipiki, na nilivifunga vizuri, kwa sababu kidonda hakina kosa. Lakini kila asubuhi nilipita mbele ya wodi yangu nikiwa nimekaza shingo, na jioni nilikwenda nyumbani na hasira ambayo mume wangu, Mungu amweke pema, aliijua vizuri na kuipisha njia.

Msimu wa senene ulipofika, watu wote wakitazama angani, mlinzi wa geti aliniita. Getini walikuwa wamekaa wanawake kutoka mlima ule wa Bibi Paulina, matumbo yao makubwa, vitenge vyao vimefungwa, na kila mama mkwe aliyewasindikiza alikuwa amebeba ndoo yenye mfuniko. Hawakuwa wakilalamika. Waliuliza tu, yuko wapi sista wa ndoo?

Daktari alikuja chumba cha vidonda nikiwa nasafisha mguu wa mzee mmoja. Akasimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Wodi yako imejaa," akasema. "Rudi."

Hakusema nilikuwa sahihi, nami sikumwomba aseme. Alitoa masharti: mifuko miwili, klorini, glovu kwa bibi, shimo la urefu wa goti, ndoo irudi imeoshwa. Yalikuwa masharti mazuri na niliyasimamia yote kuliko amri yoyote niliyowahi kupewa. Alipohamishwa, ndoo ikabaki. Machela zikapungua getini. Hilo sikulisoma mahali. Nililiona kwa macho yangu, na wabebaji waliniambia mabega yao yamepumzika.

Niongeze la mama mmoja wa kisiwa cha Goziba, kisha nimalize. Aliletwa kwa boti kutoka kwenye kambi za wavuvi, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, mume wake leo kisiwa hiki kesho kile. Akajifungua vizuri. Nilipomuuliza kondo lake liende wapi alinishangaa. "Sista, sisi hatuna kibanja. Tunalala juu ya mchanga wa watu. Tupa tu." Kwa maisha yangu yote ya kudai kilicho cha watu, nilishindwa kutupa. Nililizika nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia shuka, nikapanda mgomba. Ndio ule mnaouona. Walifuata wengine wa visiwani, na migomba ikaongezeka. Hakuna muuguzi aliyekubali kula mkungu wa kwanza wa mgomba ule. Ndugu wa wagonjwa waliupika wakasema ni mtamu. Kwa hiyo nikisikia mnataka kuikata migomba hiyo mjenge tanuri la kuchomea taka, na kwamba makondo yote yataingia humo, mjue mnakata nini.

Mtaniambia zama zimebadilika. Zimebadilika, ndiyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu mke wa mwanangu alishikwa uchungu, tukampeleka hospitali moja mjini Bukoba, mimi nikatoka nyumbani kwangu Nshambya na mkoba wa nguo za mtoto kama bibi mwingine yeyote. Akajifungua salama mchana, mvulana. Nikashukuru, nikaimba kidogo. Kisha nikaenda dirishani.

Muuguzi wa zamu alikuwa Jeska. Nilimfundisha mimi, alipokuja kwetu Muleba akiwa mwanafunzi. Siku yake ya kwanza nilimpa deki. Akanikumbatia kupitia nondo, akanisifia mjukuu. Nikamwambia nilichokuja kuchukua, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hapa hatutoi. Vyote vinachomwa. Wewe unaijua sheria kuliko mimi."

"Naijua."

"Na wewe ni muuguzi, Mama. Hebu niambie ukweli." Akashusha sauti. "Wewe mwenyewe unaamini?"

Swali lile lile. Nilikuwa na jibu langu la siku zote mdomoni, lile la mwanamke anayekuja mapema. Lakini mke wa mwanangu alikuwa ameshajifungua, hakuna aliyekuwa akifa, hakuna niliyekuwa nikimtetea. Nilijitazama mikono. Ilikuwa imeshika nondo.

"Leo mimi si muuguzi, Jeska," nikasema. "Naamini. Nadhani niliamini siku zote. Nipe kilicho chetu."

Nyuma yangu palikuwa na benchi. Nilimwambia nitakaa pale, na kwamba wakitaka kuniondoa waite wanaume wenye nguvu, maana mimi ni mzito. Nikakaa. Jeska akatoweka ndani. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kuvunjika moyo, lakini moyo wangu umevunjwa na watu wakubwa zaidi na haujavunjika.

Aliporudi alipitia mlango wa nyuma. Mkononi alikuwa na ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko glovu mbili.

"Urefu wa goti, Bibi," akaniambia, bila kunitazama usoni. "Na ndoo uirudishe."

Asubuhi iliyofuata niliirudisha, imeoshwa, na mfuniko wake. Amri hiyo niliitii.